Tovuti ya Kiswahili inasomwa kwa matamshi ya Kizungu: wajenzi wa tovuti naombeni mnisikilize

MwalimuNukta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne. Nukta nundu ndiyo iliyonifikisha darasani, na tangu nikiwa chuo natumia laptop yenye NVDA na simu yenye TalkBack. Hizi ni programu za kusoma skrini: zinachukua kilichoandikwa kwenye ukurasa na kunitamkia sikioni. Kwa hiyo nikisema nimesoma tovuti fulani, nimeisoma kweli, mwenyewe, bila mtu pembeni.

Wiki iliyopita nilitaka kuomba nafasi ya mafunzo. Maombi ni ya mtandaoni, mwisho saa sita usiku. Saa kumi jioni nilikuwa nimeshakaa, vyeti vyote nimeviskani. Ukurasa ni wa Kiswahili kitupu, lakini nilichosikia hakikuwa Kiswahili. "Tuma" ikawa "tyuma". "Mkoa" ikawa "em-kowa". "Wazazi" sikuitambua mpaka nilipoirudia herufi kwa herufi. Nikavumilia. Kufika kwenye fomu, kila kisanduku kinaniambia neno lile lile: hapa pa kuandika, patupu. Cha kwanza patupu, cha pili patupu, mpaka cha kumi na tisa. Kipi ni jina, kipi ni namba ya simu, hakuna anayeniambia. Tarehe ya kuzaliwa ni kalenda ya kubofya kwa mausi, ukitaka kuiandika haikubali. Na chini kabisa kuna ile picha ya herufi zilizopindapinda ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Kusikiliza badala ya kuangalia hakukuwekwa.

Saa moja usiku nikaenda steshenari. Kijana wa pale ni mstaarabu, simlaumu hata kidogo. Ila ilibidi nimpe paswedi yangu, namba ya kitambulisho na namba ya akaunti ya benki. Mashine za kutoa kopi zinapiga kelele, kwa hiyo akawa ananiuliza kwa sauti kubwa. "Mwalimu, hali ya ndoa?" Nikajibu nimeachika. "Mshahara kwa mwezi?" Nikajibu. Nyuma yangu kuna foleni, na wawili kati yao ni wazazi wa wanafunzi wangu. Niliwajua kwa sauti zao.

Fomu ilikwenda. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, kwa ajili ya wanaojenga hizi tovuti. Huruma siitafuti. Nataka mjue kinachofika sikioni kwangu mnapoandika msimbo wenu, kwa sababu naamini wengi wenu hamjawahi kuisikia tovuti yenu hata mara moja.

Binti Kilosa

Pole sana mwalimu. Hiyo ya kutaja mshahara mbele ya foleni imeniuma mno.

MsimboUsiku

Mwalimu, pole. Mimi natengeneza tovuti, mwaka wa sita huu, na nitasema ukweli wa kazi yetu hata kama hautapendeza.

Mteja anakuja na laki tano. Anataka tovuti ndani ya wiki mbili. Anataka picha zinazotembea, rangi za kampuni, kitufe cha WhatsApp. Katika miaka sita sijawahi kupata mteja hata mmoja aliyeniuliza kuhusu wasioona. Nachukua kiolezo cha mtandaoni, nabadilisha maneno, nakabidhi. Nikianza kuongeza mambo ya ufikivu, yaani tovuti itumike hata na wenye ulemavu, bei inapanda, na mteja atakwenda kwa mwenzangu.

Halafu kuna zile programu unabandika mstari mmoja tu, inatokea alama ya mtu pembeni ya ukurasa, inarekebisha kila kitu yenyewe. Hiyo si ingetosha?

MwalimuNukta

Ahsante MsimboUsiku kwa kusema wazi. Umetaja kiolezo cha mtandaoni, na tatizo la matamshi linaanzia hapo hapo.

Mstari wa juu kabisa wa ukurasa una mahali pa kutaja lugha. Kiolezo kilichotoka nje kimeandikwa lang="en". Ninyi mnabadilisha maneno yote yawe Kiswahili, lakini mstari ule hamuugusi kwa sababu hauonekani kwenye skrini. NVDA inauona. Inaambiwa ukurasa huu ni Kiingereza, nayo inatii: inachukua sauti ya Kiingereza na kusoma nayo maneno ya Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, ambayo inakuja ndani ya NVDA bila malipo, inakijua Kiswahili. Inasubiri tu kuambiwa. Badilisha iwe lang="sw". Herufi mbili. Na kama unatumia mfumo wenye mipangilio ya lugha, ukiiacha kwenye Kiingereza ndiyo inayojiandika pale juu.

Katika yote ninayoyaomba hili ndilo dogo kuliko mengine, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni lugha yangu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano. Nikikutana nacho mtandaoni kimevunjwavunjwa hivi, najisikia kama mgeni nyumbani kwetu.

Sasa fomu. Wewe unaona neno "Jina la ukoo" limekaa juu ya kisanduku, macho yako yanaunganisha. Mimi sina cha kuunganisha nacho. Ni lazima msimbo useme kwamba neno hili ni la kisanduku hiki, na kazi hiyo inafanywa na label yenye for inayolingana na id ya kisanduku. Wengi mnaandika yale maneno ya kijivu ndani ya kisanduku mkidhani yanatosha. Yanafutika mtu akianza kuandika, hata mwenye macho anasahau alikuwa anajaza nini.

Kwenye NVDA nabonyeza H kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja kwenda kingine, kama wewe unavyoperuzi gazeti kwa macho. Kama vichwa vyenu ni maandishi ya kawaida yaliyokuzwa na kukolezwa wino, basi kwangu ukurasa hauna kichwa hata kimoja, inabidi nisikilize kila kitu tangu juu. Nikiomba orodha ya linki zote, napata: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa. Hapa wapi? Andikeni "Pakua fomu ya maombi", linki inajieleza. Na picha iliyowekwa linki bila maelezo inanisomea jina la faili: IMG, tarehe, WA, sifuri sifuri kumi na nne. Najua tu kwamba ilipita WhatsApp.

Matangazo nayo. Barua imechapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikapigwa muhuri, ikaskaniwa, ikapandishwa mtandaoni. Maandishi yaliyokuwa yanasomeka yamegeuzwa picha. Nabonyeza NVDA+R kuiomba kompyuta ijaribu kuyatambua maneno, na mara nyingi inafanikiwa kidogo, isipokuwa pale muhuri ulipokaa juu ya tarehe ya mwisho. Faili ya kwanza kabisa mnayo ninyi. Wekeni na hiyo.

Kuhusu wingi wetu: Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa wa aina moja au nyingine, yaani mtu mmoja kati ya sita. Na tatizo si la kwetu tu. WebAIM, shirika la Marekani la ufikivu wa tovuti, kila mwaka inapima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2025 ilikuta asilimia 94.8 zina makosa yanayogunduliwa hata na mashine. Karibu yote yanatokana na mambo yale yale sita: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na jina, linki tupu, vitufe vitupu, na lugha isiyotajwa.

Mbalamwezi Rotterdam

MsimboUsiku, hiyo programu ya mstari mmoja achana nayo. Nafanya kazi hii hapa Uholanzi. Mwanzoni mwa 2025 FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba programu yake ya namna hiyo inaweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG. Fikiria mwenyewe: kisanduku ambacho mjenzi hakukipa jina, programu itajua vipi kama ni cha jina la mama au la mdhamini? Itabahatisha. Na asiyeona ana programu yake tayari, amezoea vitufe vyake. Hiyo ya kwako inamwingilia.

Kwa wasioijua, WCAG ni mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti. Wa kwanza ulitoka 1999, tunaotumia sasa ni 2.2 wa Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na sheria nyingi zinadai AA. Huku Ulaya tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya ufikivu inazibana benki, maduka ya mtandaoni, tiketi za usafiri na vitabu vya kielektroniki. Kampuni ndogo za huduma zenye wafanyakazi chini ya kumi na mapato madogo zimesamehewa. Lakini vijana wa Dar, Arusha na Nairobi wanaochukua kazi kutoka Ulaya wajiandae, maana sasa nakutana nayo ndani ya mikataba. Asiyejua kazi hii atapitwa.

MikonoInasema

Naomba kuchangia. Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Lugha yangu ya kwanza ni lugha ya alama. Kiswahili nilijifunza kwa kusoma, mkiona sentensi zangu fupi mnielewe.

Watu wanadhani kiziwi hana shida mtandaoni kwa sababu anaona. Akaunti yangu ya pesa ilifungwa kwa sababu nilikosea PIN. Tovuti inasema: piga simu huduma kwa wateja. Nikaandika meseji: mimi ni kiziwi. Jibu: tafadhali piga simu. Nikamwomba mdogo wangu apige. Wakasema wanataka kuongea na mwenye akaunti mwenyewe. Siku tisa pesa yangu imekaa ndani.

Wekeni njia ya kuandika. Video za matangazo wekeni maandishi chini. Maandishi yanayojitengeneza yenyewe kwa Kiswahili yana makosa mengi, mtu ayapitie kwanza. Na Kiswahili kiwe chepesi. Sentensi ya mistari minne yenye "kwa mujibu wa" mara tatu nairudia mpaka kichwa kinauma.

MzeeWaPangani

Shikamooni wakubwa zangu, marahaba wadogo.

Mimi naona, ila mtoto wa jicho amenianza upande wa kulia na wa kushoto unamfuata. Siku hizi mmependa maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, membamba kama uzi wa kushonea. Ndani ya nyumba najitahidi. Nikitoka barazani juani simu inakuwa kioo kitupu. Nikitaka kuvuta kwa vidole viwili maandishi yakue, kwingine yanakua, kwingine yamegoma kabisa. Nani aliamua yasikue?

MsimboUsiku

Shikamoo mzee. Tunaoamua ni sisi. Kuna amri tunaiweka kwenye ukurasa, user-scalable=no, inazuia kukuza ili mpangilio usiharibike. Nimekuwa nikiiweka miaka yote bila kufikiri inamgusa nani.

Mbalamwezi Rotterdam

Na kuhusu rangi mzee ana haki kabisa. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Zana za kupima ziko za bure, unaingiza rangi mbili unapata jibu.

Mtwapa_QA

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Kazi yangu ni kupima programu kabla hazijatoka.

Huku kwetu Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine inayomfaa. Na tangu 2022 tuna kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 2952, kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. InABLE, shirika lililoanza kwa kufundisha kompyuta watoto wasioona, lilishiriki kukisukuma. Tanzania nanyi mna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mmeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa tangu 2009, ambao Ibara yake ya 9 inataja intaneti kwa jina.

Ila nataka kurudi kwenye neno la MsimboUsiku, kwamba gharama inapanda. Hilo neno lina historia. Mwaka 1999 mtu asiyeona wa Australia, Bruce Maguire, aliishtaki kamati iliyoandaa Olimpiki ya Sydney. Alikuwa anasoma kompyuta kwa kifaa cha nukta nundu, na tovuti ya michezo ilikuwa imejaa picha zisizo na maelezo. Ratiba na majedwali ya matokeo hayafikiki. Kamati ikajitetea: kurekebisha kutachukua zaidi ya mwaka mzima kwa mtu mmoja na zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Maguire akaleta wataalamu, wakaonyesha kwamba kazi ni ndogo sana kuliko inavyodaiwa. Tume ya haki za binadamu ikaamua Agosti 2000 kwamba amebaguliwa, na ikatoa muda hadi tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Kamati haikutimiza yote. Ikamlipa dola 20,000.

Nilipoisoma kesi ile nilichojifunza ni hiki: gharama ilionekana kubwa kwa sababu tovuti ilikuwa imeshajengwa. Kuweka jina la kisanduku siku unapokitengeneza ni sekunde kumi. Kurudi baada ya mwaka kwenye kurasa mia tano, hapo ndipo pesa inapokwenda. Dada mwalimu anaomba ile ya sekunde kumi.

WakalaGeita

Mnazungumzia tovuti, huku kwetu wengi hawajazifikia. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu. Nina wateja watatu wasioona, wote wana kitochi. Kitochi hakisemi. Akija kutoa hela ananipa simu na PIN ananitajia sikioni, nimbonyezee. Najua PIN za watu watatu na sitaki kuzijua. Siku mmoja akiibiwa na ndugu yake, mtuhumiwa wa kwanza ni mimi.

Mmoja mtoto wake alimnunulia simu janja, akawashiwa hiyo ya kusema. Shida ikawa muda. Menyu ya nyota na reli ina vipengele vinane, sauti inasoma taratibu, ikifika cha sita menyu imejifunga, unaanza upya. Wanaotengeneza hizi menyu wafupishe, na waongeze muda. Au iwe namba ya kupiga, sauti ikuongoze kwa Kiswahili, wewe unabonyeza. Huyo wa kitochi naye angefaidika.

MwalimuNukta

WakalaGeita, Mungu akubariki kwa kusema "sitaki kuzijua". Sisi tunaotoa siri zetu tunaujua mzigo wetu. Sikuwa nimefikiria mzigo wa anayepokea.

MikonoInasema, sentensi zako zimeeleweka kuliko za wengi.

MsimboUsiku

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne.

Jumamosi usiku nilifungua Mipangilio, nikaingia Ufikivu, nikawasha TalkBack. Unateleza kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, unagonga mara mbili kuchagua. Nikafumba macho, nikafungua tovuti ya kliniki ya meno niliyomjengea mteja mwaka jana, nikajaribu kuweka miadi. Dakika ishirini na tano. Sikufanikiwa. Kitufe cha kuweka miadi nilikuwa nimekitengeneza kwa div, kisanduku cha kawaida cha msimbo, iliyopakwa rangi, kwa hiyo kwenye TalkBack ni maneno tu, hakitajwi kuwa kitufe. Nikahamia kwenye laptop, nikaweka mausi pembeni, nikawa natumia Tab peke yake. Tab inakiruka kama hakipo.

Nimekaa Jumapili nzima. lang nimebadilisha. Kila kisanduku nimekipa label. Div zote zilizokuwa zinajifanya vitufe nimezigeuza kuwa button. Kalenda nimeiacha, ila sasa unaweza pia kuandika tarehe. Ile amri ya kuzuia kukuza nimeifuta, mzee wangu wa Pangani. Kijivu nimekikoleza mpaka kikafika 7 kwa 1. Ujumbe wa makosa ulikuwa wa rangi nyekundu tu, sasa unaeleza kwa maneno ni kisanduku gani kina shida. Picha za madaktari nimeziandikia maelezo, na zile za mapambo nimeziwekea alt (sehemu ya maelezo ya picha) tupu ili zirukwe.

Sikumtoza mteja. Ni kazi niliyopaswa kuikabidhi hivi tangu mwanzo. Mwalimu, nimekutumia linki PM. Ukipata nafasi ijaribu, uniambie ukweli bila kunihurumia.

MwalimuNukta

Nimeijaribu leo baada ya vipindi, mara mbili kwa laptop na mara moja kwa simu.

Ukurasa umefunguka na kunisemesha Kiswahili. "Karibu. Weka miadi yako." Nilisimamisha sauti nikairudia, si kwa sababu sikuelewa.

Fomu nimeijaza yote peke yangu, dakika nne. Jina, simu, tarehe nimeandika mwenyewe. Nilikosea namba ya simu kwa makusudi, ikaniambia namba ina tarakimu tisa inatakiwa kumi, na ikanirudisha kwenye kisanduku chenyewe. Hilo sikulitegemea, umefanya vizuri sana.

Sasa yaliyobaki. Menyu ya juu ina linki kumi na mbili, na kila ukurasa nazisikiliza zote kabla sijafika kwenye maudhui. Weka linki ya kwanza kabisa ya kurukia maudhui. Sehemu ya kuchagua saa ya miadi inasomeka "saa tatu, saa nne, saa tano" lakini zilizojaa na zilizo wazi zinatofautishwa kwa rangi, kwa hiyo nilichagua saa nne ikakataa, nikachagua saa tano ikakataa, sikuambiwa kwa nini. Iandike, "imejaa". Na kuna kitufe kimoja chini kimebaki na neno Download. Kwa kuwa ukurasa sasa ni wa Kiswahili, sauti inalisoma kama tunavyosoma sisi, "dowunlodi", nikapotea kidogo. Andika "Pakua".

Ukimaliza nitumie tena. Ijumaa nina vipindi viwili tu, nitaipitia mchana.